Muvi zote nishaona, sasa vitabu vya The Hunger Games nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyemaliza form six, anasubiri matokeo. Kwa kifupi anasema muvi zote tano kashaziona, sasa shangazi yake kamletea vitabu vyote vitano kwa mpigo. Kuna watu wanamwambia aanze na kile cha ujana wa Snow, yule rais wa kwenye hadithi, kwa sababu kimatukio ndo cha zamani zaidi, kuna wanaomwambia anapoteza muda maana mwisho anaujua, na yeye mwenyewe alishawahi kufungua cha tatu, Mockingjay, akakiona kinaboa akaachana nacho. Kiingereza chake anasema cha kawaida tu. Na mwishoni kabisa anauliza kuhusu mdogo wake wa miaka 11 ambaye naye anavimezea mate.

Haya mdogo wangu, jibu la haraka kwanza ili hata ukichoka njiani uwe umepata cha kuondoka nacho. Anza na The Hunger Games cha 2008, fuata Catching Fire cha 2009, kisha Mockingjay cha 2010, ndo urudi nyuma kwa The Ballad of Songbirds and Snakes cha 2020, umalizie na Sunrise on the Reaping cha 2025. Yaani vile vile mwandishi wake, Suzanne Collins, alivyovitoa. Hao wanaokwambia uanze na cha Snow wana hoja ya kalenda tu, kwamba michezo ya 10 imetangulia ya 74 (ndo ile michezo ya kila mwaka ambayo watoto wa wilaya za nchi ya kubuni ya Panem wanachaguliwa kwa bahati nasibu wakauane uwanjani mbele ya kamera), ni kweli, lakini kitabu hakisomwi kwa kalenda, kinasomwa kwa kile ambacho msomaji anakijua na kile asichokijua akifika ukurasa fulani, na Collins kile cha Snow kakiandika akijua kabisa kwamba wewe Katniss, binti msimulizi wa vile vitatu vya kwanza, ushamjua, ule wimbo wa mti wa kunyongea ushausikia, na huyo mzee unamchukia tayari. Ukianza nacho utakutana na ule wimbo kama wimbo tu.

Sasa hilo la mwisho kuujua, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo swali lenyewe haswa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua steringi hafi. Na Katniss hata bila muvi unajua hafi, ana vitabu vitatu anavyosimulia yeye, sasa atakufaje kwenye cha kwanza? Kwahiyo kama taharuki ya hivi vitabu ingekuwa ni swali la atapona au hatapona basi ingekuwa imeshakufa mwaka 2009, siku kitabu cha pili kilipoingia madukani. Na haijafa mpaka leo. Hadithi ya Fumo Liyongo watu wa pwani wameisimulia vizazi na vizazi, kila anayekaa kusikiliza anajua kabisa mwanawe ndo atakayemchoma sindano ya shaba kitovuni, na bado anakaa. Anachosubiri ni ile sehemu Liyongo yuko kifungoni anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, apike mikate mizuri na mmoja wa wishwa, ndani ya huo wa wishwa aweke tupa, na walinzi kwa tamaa zao wanabeba ile mizuri wanamwachia mfungwa ule mbaya. Wewe unajua kilichomo ndani, walinzi hawajui. Hapo ndo roho inadunda, na itadunda hata ukisikia mara ya kumi.

Collins anacheza mchezo wa aina hiyo ila kaugeuza, anayejua kidogo ni Katniss mwenyewe na wewe kakufungia humo humo kichwani mwake. Trilojia yote ile ni nafsi ya kwanza na wakati uliopo, naamka, nasikia, nakimbia, na hii sio mapambo. Msimulizi anayekwambia "nilikimbia" huyo keshapona, yuko mahali kakaa anakusimulia, lakini Katniss sentensi inayofuata hata yeye haijui. Ndo maana mimi nikifundisha wanafunzi wangu taharuki huwa nawaambia msifuate uhai wa mhusika, fuateni anachojua. Kila ukifika mahali pamekushika shati jiulize hapa Katniss anajua nini, anadhani nini, na nani mwingine anajua zaidi yake. Ukisoma hivyo, kuona muvi hakukuharibii kitu, tena kunakusaidia, maana wewe sasa ni yule msikilizaji anayejua kwamba mkate una tupa.

Nikupe mfano wa mwanzoni kabisa. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia kwenye bahati nasibu mara 1, akifika 13 mara 2, hivyo hivyo mpaka 18 linakuwa mara 7. Lakini kama kwenu kuna njaa unaruhusiwa kuliongeza jina lako mwenyewe, kila nyongeza unapewa nafaka na mafuta ya mtu mmoja ya mwaka mzima, haba na haba, na unaweza kuchukua ya kila mtu wa nyumbani. Katniss tangu ana 12 anachukua tatu kila mwaka, yake, ya mama na ya mdogo wake Prim, kwahiyo sasa ana 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale ana 18, kwao ni wengi, lake limo mara 42. Prim ndo mwaka wake wa kwanza na dada yake kamkatalia kabisa kuongeza, limo mara 1. Unaona alichofanya? Kakupa hesabu, ukaanza kuogopa zile namba kubwa, ukawa unamwangalia Gale na Katniss, halafu kikatoka kile kikaratasi kimoja cha Prim. Kwenye muvi hiyo hesabu inatajwa juu juu ukiwa bado unaangalia mandhari, kwenye kitabu unaitafuna sura nzima, na chini yake kuna jambo lingine, kwamba tajiri na maskini wote wanaambiwa bahati ni moja wakati maskini kajiongezea kifo chake mwenyewe kwa sababu ya unga.

Mfano wa pili ndo ninaoupenda kuliko yote. Katniss yuko uwanjani siku za mwanzo, hana maji, kiu inamuua, anajua Haymitch, yule mlevi aliyewahi kushinda michezo na sasa ndo mwalimu wake, kule nje ana hela za wadhamini na anaweza kumtumia maji. Anaomba kwa sauti kabisa. Hakuna kinachokuja. Anamlaani, anafikiri kamwacha afe kwa chuki, halafu taratibu anaanza kupiga hesabu, huyu mlevi hawezi kuwa mjinga kiasi hiki, kama hanitumii maji labda ni kwa sababu maji yako karibu. Anajikokota, anadondoka kwenye tope, na kweli kuna bwawa. Mtu kamtumia ujumbe kwa kukaa kimya! Sasa kwenye muvi ya 2012 Haymitch unamwona mwenyewe akizunguka kuomba wadhamini, na vile vizawadi vya parashuti vinakuja na vikaratasi vilivyoandikwa. Muvi ilikuwa na sababu zake, huwezi kupiga picha mtu anawaza tu, lakini ona kilichopotea.

Na mkate. Rue, yule mtoto aliyeungana na Katniss uwanjani, akifa, kwenye muvi unaonyeshwa wilaya yake ya 11 inalipuka, watu wanavunja, askari wanawapiga. Kwenye kitabu Katniss hajui chochote cha huko, yeye anapokea tu parashuti ina mkate, bado wa moto, anautambua kwa umbo lake na mbegu zilizonyunyiziwa juu kwamba ni mkate wa kwao Rue. Watu wenye njaa wamechangishana wakamtumia mtoto wa wilaya nyingine. Anashukuru, anakula. Basi. Ghasia za wilaya ndo utaanza kuzinusa kitabu cha pili, na Katniss anazinusa pamoja na wewe, kwa kuchelewa, kwa vipande vipande. Kama wewe uliiona ile iliyotafsiriwa na DJ ndo kabisa, DJ anakuelezea kila mtu anawaza nini hata asipowaza, yaani ni kinyume cha kitabu kwa asilimia zote.

Vingine vilivyoachwa utavikuta mwenyewe, yule binti mtumwa aliyekatwa ulimi ambaye Katniss alishawahi kumwona porini asimsaidie, mguu wa Peeta, yule kijana aliyechaguliwa pamoja na Katniss, wale wanyama wa mwishoni na macho yao. Sikwambii zaidi.

Peeta nae hivyo hivyo. Unajua anampenda kweli, uliona. Vizuri, sasa soma ukimwangalia Katniss anavyokosea. Kila kitu kizuri anachofanyiwa anakitafsiri kama mbinu ya mchezo, na kwa hali aliyomo ana haki, huyu ni mtoto aliyefiwa na baba kwenye mlipuko wa mgodi akiwa na miaka 11, mama akazimika kwa huzuni akaacha kuwalea, kajifunza kwamba hakuna cha bure. Mara ya kwanza msomaji anajiuliza je jamaa anaigiza? Wewe utakuwa unajiuliza huyu dada ataona lini? Kwangu mimi la pili linauma zaidi.

Kiingereza usikiogope. Collins kabla ya hivi vitabu aliandika vipindi vya watoto vya televisheni miaka mingi, na aliyezoea kuandika kwa televisheni hapotezi maneno, sentensi zake fupi, na Katniss ni mwindaji, anaongea mambo anayoyaona. Kitakachokusumbua ni maneno ya kubuni, ya hiyo nchi ya Panem, hayo usiyafungulie kamusi, hayamo au yamo kwa maana nyingine, soma mbele utaelewa kwa matumizi kama Mmarekani anayeyakuta mara ya kwanza anavyoelewa. Na muundo wake ni wa mtu wa maigizo, vitabu vitatu vya kwanza kila kimoja kina sura 27, sehemu tatu za sura tisa tisa, na karibu kila sura inaishia mahali pa kukufanya ufungue inayofuata. Kwahiyo ukitaka kulala usiku, funga katikati ya sura. Ukisema ngoja nimalize hii ndo nilale utakuta kunakucha, na kesho yake utagundua ulikimbiza kurasa bila kuona kitu, mate yalikuwa kwenye jibu. Mwisho wa sehemu, yaani kila baada ya sura tisa, hapo pumzika hata siku nzima kama unaweza.

Twende Mockingjay, maana hapo ulituhumu kitabu na mimi nusu nakuunga mkono. Mwanzo wake ni mzito. Katniss yuko wilaya ya 13 kwa waasi, chini ya ardhi, ratiba anagongwa mhuri mkononi kila asubuhi, kachanganyikiwa, anajificha makabatini, vita vinapigwa na wengine yeye anapigwa kamera. Ukikifungua peke yake bila viwili vya kwanza lazima kikuboe, kwa sababu ulizoea msichana anayekimbia sasa umepewa msichana aliyelala. Na nadhani muvi zilikuharibia pia, walikikata kitabu kimoja muvi mbili, ya 2014 na ya 2015, hiyo ya kwanza ni karibu yote maandalizi.

Ila angalia lile swali letu la anajua nini. Kitabu cha kwanza hajui Haymitch anafikiria nini. Cha pili hajui kwamba nusu ya wenzake uwanjani wamepanga mpango na yeye ndo kitovu chake, hawakumwambia. Cha tatu yuko kwa watu wa upande wake sasa, anapaswa kujua kila kitu, na ndo anajua kidogo kuliko kote. Peeta anarudi akili imeharibiwa kwa sumu ya nyigu, kumbukumbu zimechezewa, inabidi awe anauliza wenzake kila jambo, hili ni kweli au si kweli? Yaani ule ugonjwa wa Katniss wa kutojua sasa umekuwa wa Peeta, halafu mwishoni unakuwa wako wewe msomaji, maana zile parashuti za mabomu zilizoua watoto, zilikuwa za nani? Snow anasema si zake. Coin, kiongozi wa waasi, hasemi. Gale hajui kama ni ule mtego wa bomu aliousaidia kuubuni au siyo, na hatakuja kujua. Katniss anapiga mshale kwa ushahidi ambao hakimu yeyote angeutupa nje. Baba yake Collins alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Marekani, alipigana Vietnam, na mwenyewe kasema wazo la hivi vitabu lilimjia usiku anabadilisha chaneli, huku vijana wanashindana kwenye kipindi, huku vita vya Iraq, vikaanza kumchanganyikia. Hicho kitabu cha tatu ndo mtoto wa askari anaandika. Kina kasoro, kuna kifo kimoja cha mtu tunayempenda kimepitishwa haraka mpaka nilirudi ukurasa nikidhani nimeruka, lakini kurasa zake za mwisho ni nzuri kuliko chochote kwenye vile viwili.

Nikiwa hapo hapo, ile saluti ya vidole vitatu. Kwenye kitabu cha kwanza ni ishara ya zamani ya wilaya ya 12, ya mazishi, ya kumuaga mtu. Katniss hakuitunga na hajui itakwenda wapi. Baada ya mapinduzi ya Mei 2014 kule Thailand waandamanaji waliinua vidole hivyo hivyo, jeshi likawa linawakamata, na mwaka 2021 ikaonekana Myanmar. Ukisoma ile sura ya kuchaguliwa ukikumbuka hilo utaona mambo mengine.

Kile cha Snow, cha nne, kinabadilika kila kitu, nafsi ya tatu, wakati uliopita, kirefu zaidi, na kijana wa miaka 18 ambaye kila anachokifanya ana sababu nzuri ya kujipa. Michezo yenyewe bado ya kimaskini, watoto wamefungiwa kwenye kizimba cha bustani ya wanyama bila chakula, watu hawaangalii, na yeye ndo mmoja wa wanaofikiria jinsi ya kuwafanya waangalie. Hapa wewe unajua ataishia kuwa nani, yeye hajui. Kwa hiyo ni kinyume cha Katniss, na ndo sababu nyingine ya kukiweka baada. Sehemu ya tatu inachosha kiasi, vumilia.

Cha tano ni michezo ya 50, watoto 48 badala ya 24, Haymitch ana miaka 16. Ukiwa kwenye Catching Fire utafika mahali Katniss na Peeta wako kwenye treni wanaangalia mkanda wa hiyo michezo, kwenye muvi hawakuuweka, usipite haraka. Shika pia jina la Maysilee Donner, na ile broochi ya ndege ambayo kitabuni Katniss anapewa na Madge mtoto wa meya, sio ile hadithi ya sokoni uliyoiona kwenye muvi. Kabla hujafungua cha tano rudi uzisome tena hizo kurasa za treni. Mengine siyasemi, hicho ndo kimoja ambacho mwisho wake huujui wote, nisikuibie.

Mdogo wako wa miaka 11. Huko Marekani hivi vitabu vilishaingia kwenye orodha ya vitabu kumi vinavyolalamikiwa zaidi maktabani, mwaka 2010, 2011 na 2013, na mimi si mtu wa kuficha vitabu lakini mtoto akishafika kwa Rue, ambaye ana miaka 12, inabidi awe na mtu wa kumuuliza. Cha kwanza ningempa akifika 12 au 13, Mockingjay ningeichelewesha zaidi, kule watoto wanalipuliwa na hakuna wa kulaumiwa kwa uhakika, hata watu wazima kinawalemea. Kwa sasa mtafutie Gregor the Overlander, Collins huyo huyo, cha 2003, mtoto wa miaka 11 wa New York anadondoka na mdogo wake kwenye dunia ya chini ya ardhi yenye mende na popo wakubwa wanaoongea. Ni cha kwanza kati ya vitano. Na chenyewe kina vita, usidanganyike na mende, ila kinamwingiza taratibu, na atakaa kimya akuache umalize vyako.